Kioo Nyuma ya Kabati

Siku ninayoikumbuka kuliko zote tangu niingie Johannesburg ilikuwa Jumanne, saa nne za asubuhi, na mkononi nilikuwa na mkasi wangu wa kushonea. Keti, mwanangu. Hiyo simu iweke kifudifudi, nisiione ikiwakawaka. Najua Kiswahili changu unakielewa hata ukinijibu kwa Kiingereza, na leo sitaki jibu, nataka masikio.

Nimesoma mlichoandika kwenye grupu la nyumba. Mlidhani bibi hajui kufungua WhatsApp? Nimesoma yote kuhusu yule mpangaji mpya wa chumba cha saba, yule anayesalimia kwa kichwa tu, anayepiga picha milango na madirisha. Mmoja kasema ni mpelelezi. Mwingine kasema ni mwizi anayetafuta pa kuingilia. Nawe, mwanangu, wewe niliyekubeba mgongoni mama yako Zena akiwa kazini, umeandika, "Atolewe kabla hajatudhuru." Nikasoma mara mbili, nikavua miwani. Nikajisemea, eish, Hamisa, ugonjwa wako umepata mrithi.

Basi nisikilize, maana dawa yake niliinywa chungu na sipendi uionje.

Nyumba yenyewe ni hii hii tunayoishi. Unaiona kila siku kwa hiyo huioni tena: varanda yake ya chuma chenye nakshi, dari za bati lililochongwa maua, sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga. Ilijengwa siku za dhahabu. Mgongo wake umeegemea tuta la ile ngome kongwe ya kilimani, na kwa ukongwe huo sheria inailinda. Kile kibao cha buluu pale getini ndicho kinachosema hivyo. Huwezi kuibomoa, huwezi kubadilisha dirisha, hata msumari ukutani uombe ruhusa. Tulipohamia mimi na marehemu babu yako Rashidi, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikasema nchi hii ina mambo, ukuta una sheria ya kuulinda na sie wenye roho hatuna.

Tulikuwa familia saba, kila moja na chumba chake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Tanga na cherehani moja, mtoto mmoja na moyo uliojaa mashaka. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinilea kwa neno moja, kikulacho ki nguoni mwako. Nikipewa chakula nanusa kwanza. Nikisifiwa nauliza moyoni, huyu anataka nini? Na Johannesburg ikanipa haki, maana robot ya kwanza, hizi taa za barabarani, niliyosimama kungoja, mkoba ulikwenda na mtu na taa ikabaki nyekundu. Tangu hapo nikasema, Hamisa, hapa lala jicho moja wazi.

Chumba cha uani alikaa Papa Bahati. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu wa miaka sitini hivi, mlinzi wa maofisi kule Midrand. Kazi yake ilikuwa ya usiku, kwa hiyo mchana, wote tukiwa kwenye mihangaiko, yeye yupo nyumbani. Hilo tu lilinitosha kumwekea alama. Alivaa koti jua likiwaka. Alipika peke yake, akala peke yake, na maneno yake kwa wiki nzima yangeenea kiganjani. Na mie kwetu tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu, basi nikawa naungoja mshindo.

Jumatatu moja nilirudi kutoka Newtown na furushi la vitambaa. Kufika koridoni, nikaganda. Unaujua ule ufa mrefu wa ukuta wa korido, unaopanda kutoka sakafuni mpaka darini? Juu ya ufa ule palikuwa pamebandikwa kipande cha kioo, chembamba, urefu wa rula ya shule. Kimelazwa kukatiza ufa, huku na huku kimeshikwa kwa plasta nyeupe, na juu ya plasta pameandikwa tarakimu kwa wino mwekundu. Nikatazama mbele, kingine. Jikoni, kingine. Kwenye nguzo ya varanda, kingine. Karibu na mlango wa uani, cha tano. Vyote vya namna moja, vyote na tarakimu nyekundu.

Khaa! Mie ni mtu wa Tanga, mwanangu. Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa mganga. Nyumba iliyozindikwa naijua, naijua inavyochimbiwa pembe zake na kuwekewa vitu vyake. Hirizi zilizoandikwa tarakimu badala ya maneno nimeziona zikifungwa. Kwa hiyo nilipoviona vile vioo sikuhitaji mwalimu. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikaivuta kanga usoni, nikasoma Ayatul Kursiyu kimoyomoyo mpaka nikafika chumbani.

Rashidi aliporudi kutoka kazini nikamkabili hata viatu hajavua. Yeye alikuwa fundi wa kukata vioo vya madirisha kwenye karakana moja ya Jeppestown.

"Vile vioo vya koridoni ni vya nini?"

"Vya Papa Bahati. Ni kipimo cha ukuta," akasema. "Walikubaliana kwenye mkutano wa nyumba."

"Ukuta unapimwa kwa kamba! Tangu lini ukuta ukapimwa kwa kioo? Wamekudanganya, Rashidi, nawe umedanganyika."

Alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Akauliza chakula kiko wapi. Nami nikaona huyu naye keshafungwa ulimi.

Mkutano huo wa nyumba sikwenda, nikwambie na sababu. Ulifanyika chumbani kwa Mama Furaha, msusi kutoka Uvira, baada ya maombi yao ya Jumapili. Nikasema mie na maombi yao wapi na wapi, wananiita mkutanoni ili wanibatize. Na Mama Furaha mwenyewe tulikuwa hatusemeshani kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Niliamini anazisogeza nguo zangu kivulini makusudi zisikauke. Ukicheka leo cheka, lakini wakati ule sikuwa nacheka.

Kila Ijumaa mchana Papa Bahati alivizungukia vile vioo. Mlango wangu nauacha wazi kidogo, cherehani nazungusha, jicho koridoni. Anafika, anainama, anapitisha kidole juu ya kioo polepole, midomo inamcheza. Kisha anatoa kijitabu mfukoni mwa koti, anaandika, anakwenda kingine. Siku moja nikamsikia anasema peke yake, "Mashahidi yangu, mungali bazima." Mtu anazungumza na kioo, anakiita shahidi, kisha umwambie mtu wa Tanga kwamba hapo hapana jambo?

Lililonimaliza kabisa ni ule ufa wenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kila mtoto anajua. Huyu mzee, mtu mwenye plasta na mwiko chumbani kwake, ufa haugusi! Hauzibi, anaubandikia kioo, anaulinda. Nikajiuliza, fundi gani anayeulea ufa, kama si anayetaka kitu kipite hapo?

Ukishaanza kushuku, mwanangu, kila kitu kinakuja chenyewe kuwa ushahidi. Sindano ya cherehani ikivunjika, ni vioo. Zena akikohoa, ni vioo. Tajiri wa Rashidi akimkaripia kazini, ni vioo. Hata mwenye nyumba, yule bwana mwenye tabasamu pana aliyekuwa akimpa Zena peremende, alinisimamisha getini siku moja akaniuliza kwa Kiingereza chepesi, "Yule mzee anafanya nini na kuta zangu? Mwangalieni sana." Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kumbe siko peke yangu, hata mwenye mali kaona. Mtu pekee niliyemwamini katika jambo lile ndiye aliyekuwa hatutakii mema, na hilo nililijua baadaye.

Nilivumilia wiki kumi na moja. Kisha Zena akashikwa na homa, siku mbili haijapoa, na Jumanne ile asubuhi, Papa Bahati akiwa amekwenda kumwona mgonjwa na wengine wote makazini, nikasema leo au mimi au vioo.

Nilichukua mkasi wa kushonea, ule mzito wa chuma. Nikafunga mpini wake kwa kitambaa usipige kelele. Nikasoma nilichosoma, nikafumba jicho moja, nikagonga kile cha kwanza katikati. Tak! Kikakatika, lakini vipande vyake vikabaki vimeshikwa na plasta huku na huku. Sikuvigusa. Nani aguse kitu kama kile kwa mkono wake? Nikanyunyiza maji ya chumvi, nikaenda cha pili. Nilivivunja vitano vyote hivyo hivyo, kila kimoja ufa katikati, vipande mahali pake. Kisha nikanawa mikono mara saba.

Na homa ya Zena ikashuka alasiri ile ile! Nilipika wali wa nazi nikiimba. Rashidi akaniuliza kuna nini leo, nikamwambia Mungu ni mkubwa. Siku tatu nilijiona nimeiokoa nyumba nzima na hakuna anayejua, na nikawasamehe moyoni kwa ujinga wao.

Ijumaa mchana nikaweka cherehani karibu zaidi na mlango, nione mzee atakavyoumbuka.

Papa Bahati alifika kioo cha kwanza, akainama. Kidole kikasimama. Akaenda cha pili, cha jikoni, cha varanda, cha uani, akarudi. Nilikuwa nimengoja hasira, kwa kuwa mchawi akivunjiwa kazi yake hukasirika. Yule mzee akaketi chini, sakafuni, mgongo ukutani, koti limemkunjamana, kijitabu magotini. Akakaa hivyo. Mama Furaha aliporudi kutoka saluni akamkuta pale.

"Papa, kuna nini?"

"Mashahidi bote bamevunjika," akasema. "Nyumba inatembea, mama."

Mama Furaha akapiga yowe. Akaanguka magotini, akashika kichwa. "Sasa tutaenda wapi na batoto? Zimebaki siku kumi tu, Papa! Siku kumi!"

Nami nikatoka chumbani. Kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wa kamba nikamsemesha. Nikamuuliza, siku kumi za nini? Akanitazama kwa macho yaliyojaa maji, akanieleza kila kitu pale pale, bila kinyongo, kama vile tulikuwa tunasemeshana siku zote.

Mwenye nyumba alitaka tutoke sote. Alitaka nyumba ibomolewe ajenge ghorofa, na sheria ilimkatalia, kwa kuwa nyumba inalindwa. Njia pekee iliyombakia ni kuthibitisha kwamba ni nyumba mbovu inayoanguka, basi akaenda kwa wakubwa akawaonyesha zile nyufa. Papa Bahati ndiye aliyeshuka mjini kututetea, yeye na koti lake. Ujana wake alifanya kazi ya ujenzi Ufaransa, kwenye nyumba moja kongwe kando ya kuta za ngome ya zamani ya mji, nyumba iliyolindwa kama hii yetu. Huko ndiko alikofundishwa. Ufa peke yake hausemi kitu, unaweza kuwa umesimama hapo tangu enzi ya babu zako. Unabandika kioo chembamba juu yake, unaandika tarehe, unangoja. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinavunjika. Ukuta ukitulia, kioo kinabaki kizima. Vioo hivyo kwa Kifaransa huitwa mashahidi. Afisa wa majengo ya kale alikubali, akasema miezi mitatu, vioo vikibaki vizima watu wabaki. Zile tarakimu nyekundu zilikuwa tarehe.

Tarehe, mwanangu! Siku, mwezi na mwaka.

Mie ndiye niliyevivunja vile vioo, na sasa vioo vilikuwa vinashuhudia uongo. Kwa kuwa niliogopa kugusa vipande, viliachwa vimekaa vizuri kabisa, kila kimoja kimekatika juu ya ufa wake, kama vile ukuta ndio uliovikata. Ningevipiga vikasambaratika, yeyote angejua ni mkono wa mtu. Uoga wangu ulikuwa umefanya kazi safi kuliko fundi.

Mmoja wa wapangaji waliokuwa wamesharudi akamwambia Papa Bahati, "Nyamaza basi. Bandika vipya, nani atajua?" Mzee akatikisa kichwa. Akasema shahidi akisema jambo tusilolipenda, hatuwezi kumziba mdomo, na kama nyumba itawaangukia watoto yeye hatalala tena. Akaenda kumpigia simu afisa mwenyewe. Nami nikarudi chumbani, nikafunga mlango.

Sasa nikwambie ukweli, nisijipambe. Sikusema. Ijumaa sikusema, Jumamosi sikusema. Nilijiambia, wakijua watanifukuza kama mbwa. Nilijiambia pengine ukuta unatembea kweli. Mwenye nyumba alibandika karatasi mlangoni, tabasamu limefika masikioni, kwamba Jumatatu afisa akishathibitisha tutoke. Nyumba nzima ikaanza kufunga mizigo. Rashidi alikuwa ananitazama tu. Ananitazama, anageuka, ananitazama tena, nami namkwepa macho.

Jumapili, Warundi wa chumba cha tatu wakaondoka kabla ya wote. Walikuwa vijana, mke amejifungua mapacha hata arobaini haijatimia. Walisema hawawezi kulala siku moja zaidi chini ya dari inayotembea. Yule binti akagonga mlango wangu, pacha mmoja kifuani, mwingine mgongoni, akanirudishia sufuria aliyokuwa ameazima. Sufuria ile nilikuwa nimemsema moyoni kwamba hairudi. Ameisugua mpaka inang'aa kuliko siku niliyoinunua.

"Asante, dada Hamisa," akaniambia. "Mungu akulindie mtoto wako."

Nililia mwanangu, nililia mpaka sufuria ikalowa. Nilitoka mbio niwazuie, nikafika getini, bakkie, gari la mizigo lililowabeba, imeshakata kona. Mpaka leo sikuwaona tena, wala sijui walifikia wapi na watoto wale wachanga. Katika yote haya, hilo ndilo ambalo halikutengenezeka.

Jumatatu tulikusanyika varandani. Afisa alikuwa mama mmoja wa Kizulu, mpole, na tochi na faili lake. Mwenye nyumba amekuja na mnyororo na kufuli kabisa. Afisa akakagua vioo kimoja kimoja, akaguna, akaanza kuandika. Nikaona kalamu inatembea, nikakumbuka kwamba mficha uchi hazai.

"Subirini," nikasema. Nikasema tena, kwa nguvu. "Vioo nimevivunja mie! Kwa mkasi wangu. Jumanne. Ukuta haujasogea. Nilidhani Papa Bahati anaturoga."

Mama Furaha alinitazama kama hanijui. Mama mmoja akasema, "Yesu wangu!" Papa Bahati alikuwa ameinamisha kichwa, nami niliomba aniite jina lolote baya analolijua, hakuniita. Rashidi alimtafsiria afisa, neno kwa neno, hata lile la kuroga hakuliruka.

Mwenye nyumba akaangua kicheko. Akasema ndivyo walivyo hawa, wakibanwa wanatunga hadithi. Afisa akanitazama kwa huruma. Akasema, mama, ninaweza kukuamini, lakini siwezi kuandika imani kwenye karatasi. Mtu yeyote anayetaka kubaki na nyumba angesema hivyo. Una ushahidi gani?

Sikuwa nao. Ushahidi wote nilikuwa nimeuvunja kwa mkono wangu, nikaunyunyizia na maji ya chumvi.

Ndipo Rashidi akasema, taratibu, "Kipo kimoja."

Akatangulia ndani, tukamfuata sote mpaka chumbani kwetu. Akalishika lile kabati la nguo, lile lile lililoko chumbani kwangu mpaka leo, akalisukuma kando. Nyuma yake palikuwa na ule ufa wa korido, maana ni ukuta mmoja, huku na kule. Na juu ya ufa, kioo. Chembamba, plasta huku na huku, tarehe kwa wino mwekundu, mwandiko wa mume wangu. Afisa akamulika tochi, akapitisha kidole mara mbili, tatu. Kilikuwa kizima.

Kumbe vile vioo vyote Papa Bahati alikatiwa na Rashidi kule Jeppestown. Na kwa kuwa Zena alikuwa analala upande wa ukuta ule, baba mtu akaogopa, akakata kimoja zaidi, akakibandika mwenyewe asubuhi ile niliyokwenda Newtown, kabla hajaenda kazini. Hakumwambia mtu, hata Papa Bahati. Wiki kumi na moja nilikuwa natafuta uchawi kwenye kuta za wenzangu, na kioo nimelala nacho chumba kimoja.

Afisa akalinganisha pande mbili. Ukuta mmoja, ufa mmoja. Kama ungesogea, vyote vingekatika. Akakichana kile alichokuwa anaandika. Akasema vioo vipya vibandikwe na hesabu ianze upya, miezi mitatu mingine, na mwenye nyumba akaondoka na mnyororo wake ukigonga ngazi. Watu wakashangilia, Mama Furaha akapiga vigelegele, mizigo ikafunguliwa. Na mwanangu, miezi ile mitatu ilipita na vioo vyote vizima. Ndiyo maana umezaliwa hapa.

Lakini mie sikushangilia. Nilibaki chumbani na Rashidi. Nikamuuliza, "Tangu Ijumaa ulikuwa unajua?"

"Nilipoona changu kizima na vingine vimekatika, nilijua. Nikawa nakungoja useme. Ungenyamaza leo, ningesema mimi."

"Na kioo hiki, miezi yote hii, kwa nini hukuniambia?"

Hakunikasirikia hata kidogo, na ndiyo maana liliniuma. Akasema, "Ningekwambia, Hamisa, ungekivunja."

Hakuna kofi lililowahi kunipata likanifikia pale. Maana ilikuwa kweli. Mtu aliyenipenda kuliko wote katika mji huu alikuwa amejifunza kunificha, na aliyemfundisha ni mimi.

Jioni hiyo jua halijazama nilikwenda uani kuomba radhi. Papa Bahati alikuwa anachanganya plasta kwenye kopo. Akanipa kioo nimshikie, basi. Tulibandika vyote vitano. Kwenye cha mwisho, akifuta mikono kwenye koti, ndipo akasema.

"Mama Zena, kutoka mlango yako mpaka mlango yangu, iko hatua ngapi?"

Nikasema sijui.

"Hesabu."

Nikahesabu, mtu mzima, watu wananitazama. Zilikuwa kumi na mbili.

"Kumi na mbili," akasema. "Sasa sikia. Ukuta huu uko na ufa, kila mutu anauona. Tena tunaupa miezi tatu mbele ya kusema ni mbaya. Miye ulinipa siku ngapi?"

Niliinamisha kichwa. Nikasema, "Hata moja, Papa."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kopo lake, akaingia ndani. Baada ya hapo alikula chakula changu, alimfundisha Zena kuhesabu kwa Kifaransa, na siku alipofariki ni mimi niliyeshona suti aliyozikwa nayo. Neno lile hakulirudia. Alijua limeingia.

Sasa, mwanangu, sikwambii usishuku. Mji huu haukubali mtu mzubaifu, na mwenye macho haambiwi tazama. Shuku ukiona la kushuku, lakini ukishashuku nenda ukaulize, tena uso kwa uso, siyo kwenye grupu ambako watu hamsini wanakuongezea kuni. Mtu mpe muda wake kama tulivyoupa ukuta. Ukisikia moyo wako umepata ushahidi mwingi kwa haraka, simama hapo hapo, maana ushahidi wa kweli hauji mbio hivyo. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Mie nilichelewa siku tatu, na katika siku tatu hizo mapacha wawili wachanga walitolewa kwenye joto lao. Zaidi ya yote, kumbuka alichoniambia babu yako. Mtu wa mashaka hupata anachokiogopa, kwa sababu watu humficha, na wa kwanza kumficha ni wanaompenda.

Kile kioo kipo. Rashidi ametangulia mbele ya haki, kioo chake hakijakatika. Kila Ijumaa nasogeza kabati kidogo, nakitazama, nalirudisha.

Yule wa chumba cha saba, kutoka mlango wetu mpaka wake ni hatua ishirini na moja. Nimezihesabu asubuhi hii, na magoti haya. Kwenye meza pale kuna sahani ya maandazi nimeifunika. Ichukue, nenda ukagonge, umuulize jina lake na anachopiga picha. Lolote atakalokujibu, utakuwa umelisikia kwake.

Nenda na radhi zangu, mwanangu. Mungu akupe macho yanayoona, na mdomo unaouliza kabla mkono haujavunja. Akupe nyumba isiyosogea. Na akupe watu wasiokuwa na haja ya kukuficha kitu.